Ulimi wa Mpira

Hospitali ya Mlamba,
Tingi, Kilwa.
12 Februari 2024

Mzee Dadi Mkungura,
Kiranjeranje.

Shikamoo mzee wangu.

Hunijui. Naitwa Tekla Chilumba, muuguzi wa usingizi hapa Mlamba. Mimi ndiye ninayewapiga wagonjwa nusu kaputi kabla daktari hajawapasua, na mimi ndiye ninayewaamsha. Niko peke yangu kwenye kazi hii, mwaka wa tatu sasa. Mara ya mwisho kupata likizo nilikwenda Newala kumzika baba, siku nne, na siku ya tatu walishanipigia simu nirudi.

Jina lako nimelipata kwenye bati. Mganga wetu mkuu, Daktari Sixbert, anataka kijitabu cha miaka sitini ya hospitali kitoke mwezi wa nane, na kila idara iandike ukurasa wake. Mimi nimepewa historia ya vifaa vya usingizi: vilitoka wapi, nani alivitengeneza. Nikaingia stoo ya nyuma, nikakuta mashine mbili za zamani. Moja panya wamekula mvukuto wake wote. Ya pili nzima, imefunikwa shuka. Zote zina kibati kilichoandikwa kwa kugongwa na msumari: FUNDI DADI, KARAKANA MLAMBA.

Nikamuuliza mzee Erasmo wa stoo kama Fundi Dadi yuko hai. Akasema, "Yuko Kiranjeranje, analima mikorosho. Masikio yamekufa na simu haisomi. Mwandikie barua, barua anasoma."

Basi nakuandikia, nimekaa kwenye benchi la nje ya chumba cha upasuaji, kati ya mgonjwa mmoja na mwingine. Naomba unieleze mlivyokuwa mkitengeneza vitu hivi. Majid, kondakta wa basi la asubuhi la Lindi, amekubali kuleta barua hii na kuchukua majibu.

Nakushukuru mapema,
Tekla Chilumba

*

Kiranjeranje,
20 Februari 2024

Mwanangu Tekla,

Marahaba. Barua nimeipata mkononi mwa Majid. Nimeisoma mara mbili, mpaka mke wa mwanangu akaja kunitazama usoni ajue nani amekufa.

Masikio yaliliwa na kompresa ya karakana. Simu ninayo, ila maandishi yake ni madogo kama mayai ya chawa. Tuandikiane hivi hivi.

Niliingia Mlamba mwaka 1971, nina miaka kumi na tisa, fundi baiskeli. Mashine ya usingizi haikuwapo. Kulikuwa na chupa ya etha na kikapu cha waya. Kikapu chenyewe ni saizi ya kiganja, kinafunikwa shashi, kinawekwa juu ya pua na mdomo wa mgonjwa, na muuguzi anadondosha etha tone kwa tone huku anahesabu pumzi. Vile vya kiwandani vilikuwa vimeliwa na kutu, kwa hiyo kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuvisuka kwa spoku za baiskeli. Cha kwanza kilimchubua mtu shavu. Cha pili kilikuwa na mwanya pembeni, etha ikatulevya sisi tuliosimama, daktari akaenda kukaa kwenye ngazi akicheka peke yake. Cha sita ndicho kilichofaa. Nikapima nyuso za karakana nzima, nikatengeneza saizi tatu.

Mwaka 1976 zikaja mashine mbili kutoka ng'ambo, ndizo hizo ulizoziona. Ni mashine za mahali pasipo na kitu. Hazitaki umeme, hazitaki mtungi. Mgonjwa anavuta hewa hii hii yetu, inapita juu ya dawa iliyo ndani ya kopo, inaondoka na mvuke. Kopo limezungukwa na maji, maana dawa ikipoa mvuke unapungua, na mvuke ukipungua mtu anaamka kabla ya kushonwa. Katikati kuna mvukuto wa kumsukumia hewa asiyeweza kuvuta mwenyewe. Mwishoni, karibu na mdomo wa mgonjwa, kuna kichwa chenye vali, na ndani ya vali ndimi mbili za mpira. Mmoja unafunguka hewa iingie, mwingine unafunguka hewa itoke.

Joto na chumvi vikala mpira. Tuliagiza vipuri, tukajibiwa vinakuja, hatukuviona. Mvukuto nikaushona kwa tyubu ya lori na gundi ya viatu, nikaubadilisha mara nne. Mirija nikabadilisha. Bomba nikachomelea. Ikafika wakati kilichobaki cha asili ni kopo tu, ndipo nikagonga kile kibati. Ulikuwa ujana.

Andika hayo. Ile iliyofunikwa shuka iache ilipo. Imezeeka.

Dadi

*

Mlamba,
9 Machi 2024

Mzee wangu Dadi,

Shikamoo. Nimemsomea Daktari Sixbert habari ya etha na daktari wa kwenye ngazi. Alicheka, halafu akaniuliza kama kuna uhakika.

Siku hizi tunayo mashine yenye kioo na namba za rangi. Ilikuja mwaka 2019, nzuri sana, ila inataka umeme na inataka mtungi wa oksijeni kutoka Dar kila wiki mbili. Umeme ukikatika inalia kama mtoto aliyeachwa sokoni. Kila inapolia moyo wangu unaruka, na umeme unakatika mara nyingi, mzee. Nikifika nyumbani bado naisikia.

Kuna jambo nataka kukuuliza. Ili nipate tarehe sahihi nimepitia madaftari ya zamani ya upasuaji. Nikafika tarehe 14 Agosti 1988. Grace, miaka kumi na tisa, kutoka Miteja, kidole tumbo. Mwisho wa mstari: amefariki mezani. Aliyempa usingizi ni Monika Nambunga. Jina la Monika lipo kwenye kila ukurasa miaka tisa mfululizo, wagonjwa mamia kwa mamia, na baada ya siku ile halipo tena. Nikatafuta kumbukumbu za vikao. Kuna mstari mmoja tu: "Uzembe wa muuguzi wa usingizi. Ameachishwa kazi."

Grace alikuwa msichana mzima wa afya. Kidole tumbo si upasuaji wa kumwua mtu. Mstari ule nimekuwa nao wiki nzima. Labda ni kwa sababu nami niko peke yangu, na nachoka, na kila siku naogopa mkono wangu mwenyewe. Ulimfahamu Monika? Alikosea nini? Ningependa kujua, si kwa ajili ya kijitabu, ni kwa ajili yangu.

Na hiyo mashine ya shuka, mbona inaonekana nzima kuliko mwenzake?

Tekla

*

Kiranjeranje,
24 Machi 2024

Mwanangu,

Tumo kwenye mfungo, naandika polepole.

Monika nilimfahamu. Alikuwa na mikono mizuri. Alikuwa anaweka vidole viwili chini ya kidevu cha mgonjwa, hivyo hivyo kwa saa mbili, bila kubadilisha mkono. Sijui alikosea nini. Mambo ya kikao sisi wa karakana hatukuitwa. Alikokwenda sijui.

Umeuliza habari ya mashine, nikujibu ya mashine. Kopo lilipotoboka mwaka 1983 sikuweza kulichomelea kwa moto, kwa sababu ndani kulikuwa na harufu ya etha na etha inalipuka. Nililijaza maji, nikalimwaga, nikalianika juani siku tano, nikalijaza tena, ndipo nikaziba tundu kwa madini ya risasi, kwa chuma kilichopashwa moto nje, mbali na jengo. Lilishika. Hilo waandikie, vijana wa sasa hawalijui.

Baadaye etha ikaondolewa, ikaja dawa mpya, halothani. Harufu yake tamu, hailipuki, wagonjwa wanaamka bila kutapika. Sote tukaifurahia. Fundi hakuelezwa chochote isipokuwa kubadilisha namba kwenye kopo.

Pumzika mwanangu. Hata mashine hufungwa ikapumzika.

Dadi

*

Mlamba,
7 Mei 2024

Mzee Dadi,

Shikamoo. Naandika kwa haraka, na sijui barua hii itafikaje.

Barabara imekatika. Kaskazini maji yamechukua Somanga, kusini Mto Matandu umevuka daraja. Sisi wa Tingi na Miteja tuko katikati kama kisiwa. Simu zimezima tangu juzi. Umeme hakuna. Jenereta tuna mafuta ya siku moja, tumeyaacha kwa ajili ya friji ya damu. Mtungi wa mwisho wa oksijeni uliisha jana, kwa mtoto wa kichomi. Mashine ya kioo ni meza tu sasa, tumeweka ndoo juu yake.

Ketamini, dawa ya usingizi ya sindano, nilikuwa na chupa tatu. Mbili nilizimaliza kwa baba aliyeangukiwa na ukuta wa nyumba. Iliyobaki haimtoshi mtu mmoja. Lakini halothani ya zamani tunayo, chupa nne, hazijafunguliwa.

Unaona ninakoelekea. Leo nimetoa ile mashine ya shuka, nimeifuta vumbi. Daktari Sixbert ananiuliza kama naiamini. Nimemwambia aliyeitengeneza namwamini. Hakuna mgonjwa wa kupasua kwa sasa, ila watu wanabebwa kwa vitanda kutoka mabondeni na mmoja atakuja, leo au kesho.

Niambie namna ya kuipima, na kama kuna kitu cha kubadilisha. Anayeleta barua hii atavuka Matandu kwa mtumbwi na kumtafuta Majid, basi lake limekwama Nangurukuru. Fanya haraka, mzee wangu.

Tekla

*

Kiranjeranje,
9 Mei 2024

Tekla,

USIITUMIE MPAKA UMEFUNGUA KICHWA CHENYE VALI.

Fungua skrubu tatu. Utakuta ndimi mbili. Ule wa kutolea hewa ni mweusi, niliukata mimi kutoka tyubu ya baiskeli. Utoe, uutupe. Kwenye bahasha hii nimeweka ndimi mbili mpya za silikoni, mpira usiovimba kwa dawa ile. Upande wenye alama ya wino uangalie nje. Nimechora hapa chini. Ukishafunga, weka mdomo wako mwenyewe upumue kama mgonjwa, bila dawa. Vuta, toa, vuta, toa, mara hamsini. Ikikubana hata mara moja, acha.

Sasa nikwambie kwa nini, maana ukiniamini kwa sababu isiyo ya kweli unaweza kupuuza.

Ulimi wa asili ulichanika mwezi wa sita mwaka 1988. Nikautengeneza wa tyubu, kama nilivyotengeneza kila kitu. Miaka yote ya etha mpira ule usingeleta shida. Lakini mwezi wa nane tukaanza halothani, nayo inavimbisha mpira. Sikujua. Nilipima asubuhi kwa pumzi yangu, hewa tupu, ikaenda vizuri. Walipotia dawa, ulimi ukavimba polepole, ukanata kwenye kiti chake. Hewa ikawa inaingia kwa yule binti, haitoki.

Monika alilijua. Alipiga kelele, "Mashine inabana!" Daktari akasema ni mrija, akamwambia apandishe kidevu. Monika akasema, "Niitieni fundi." Nikaitwa, nikasimama mlangoni. Akaniuliza mbele ya wote, "Fundi, vali ni nzima?" Nikasema, "Ni nzima, nimeipima leo." Akaniamini. Akaendelea kutafuta kosa kwenye mikono yake.

Kesho yake niliifungua. Nikaona. Nikaifunga tena vile vile, nikasema mashine imechakaa iwekwe stoo. Ulimi ule umo humo mpaka leo, sikuthubutu kuugusa. Kikao kilikaa siku ya nne. Mimi nilikuwa na mke mjamzito na kazi. Hakuna aliyeniuliza, nami sikusema. Hivyo tu.

Nilikudanganya kuwa sijui Monika alipo. Yuko Lindi, Mtanda, anashona sare za shule. Nimepita mlangoni kwake mara tatu, miaka tofauti.

Ndimi hizi ni jozi ya kumi na moja. Kumi za kwanza hazikuniridhisha. Nimekuwa nikizikata hapa shambani tangu nistaafu.

Majid anaondoka na bodaboda sasa hivi. Mwenyezi Mungu aifikishe.

Dadi

*

Mlamba,
21 Mei 2024

Mzee Dadi,

Barua yako ilifika Jumapili tarehe 12, imelowa, ila inasomeka.

Mgonjwa alikuja Ijumaa tarehe 10.

Anaitwa Mboni, ana miaka ishirini na nne, wa Miteja. Mimba ilitunga nje ya kizazi ikapasuka. Walimbeba kwenye kitanda cha kamba, wanaume sita, maji viunoni. Alifika saa nane mchana, mweupe kiganja chote, tumbo limejaa damu. Sindano ya mgongoni kwa mtu wa namna ile ni kumwua. Hapakuwa na kungojea mto upungue, wala barua.

Sikuwa na maelekezo yako, mzee. Lakini sijawahi kumwekea mgonjwa kitu ambacho sijakivuta mwenyewe. Tangu jana yake nilikwisha tia dawa kidogo kwenye kopo, nikavuta hewa yake kidogo na kutoa. Kutoa kukawa kugumu. Nikafungua skrubu tatu. Ulimi mweusi ulikuwa umeganda kwenye kiti kama pipi iliyoyeyuka, nikaubandua kwa kisu cha upasuaji. Nilikaa nao kiganjani muda mrefu. Mwaka 1988, mstari mmoja, uzembe wa muuguzi. Nilielewa kabla hujaniambia.

Kichwa chote nikakiacha. Nikachukua ule mfuko wa mkono wa kuwapulizia hewa wagonjwa, una vali yake ya kisasa, nikaufunga mwisho wa kopo lako kwa plasta. Ijumaa nikamchoma Mboni ketamini iliyobaki, nikampitisha mrija kooni, nikabonyeza mfuko kwa mkono saa moja na dakika arobaini. Madirisha yote wazi, Daktari Sixbert akipasua kwa mwanga wa jua. Kopo lako halikupoa. Mboni aliamka. Ameondoka juzi kwa miguu yake.

Nimewaza nikuandikie nini. Nimekosa usingizi kwa ajili yako, na usingizi ndio kitu pekee nilichokuwa nao kidogo. Kosa la mpira nakusamehe mimi, kama nina haki hiyo, maana hukuambiwa. Lakini alikuuliza, mzee. Alisimama na binti wa watu mikononi akakuuliza wewe, ukamjibu. Na baadaye ulijua. Miaka thelathini na sita.

Nimemwonyesha Daktari Sixbert barua yako na ule mpira. Amesema kumbukumbu ya hospitali itarekebishwa kwa maandishi, atamwandikia Monika barua rasmi. Nimemwomba angoje wiki nne. Sitaki alisikie kwa bahasha yenye muhuri kabla hajalisikia kwako. Basi la Lindi linapita mlangoni pako.

Ndimi zako nimezivalisha. Nimepima mara hamsini. Hazibani.

Tekla

*

Kiranjeranje,
14 Juni 2024

Mwanangu Tekla,

Nimekwenda.

Nilishuka Lindi saa tano asubuhi. Alikuwa barazani, cherehani mbele yake, sketi za bluu zimerundikwa. Amekuwa mzee, nami pia, ila alinitambua kabla sijasema kitu. Akanisogezea kiti.

Nilisema yote nikiwa nimesimama. Sijui kama nilipaza sauti mno, kwa kuwa sijisikii. Majirani walitoka kutazama, kwa hiyo nadhani nilipaza. Nilianza na tyubu ya baiskeli nikamaliza na kikao. Yeye hakuacha kushona mpaka nilipofika pale aliponiuliza, "Fundi, vali ni nzima?" Hapo mguu wake ukasimama.

Nilipomaliza alianza kusema. Alisema kwa muda mrefu, Tekla. Midomo ilikuwa inakwenda, mkono unapiga meza ya cherehani, mara ananyooshea kidole kifua chake, mara kifua changu. Sikusikia hata neno. Nikatoa daftari na kalamu nikampa aandike. Akavisukuma. Nikavisogeza tena, akavisukuma tena, na aliendelea kusema, akinitazama usoni. Nikaona nisilazimishe. Kama alitaka kusema asisikike ni juu yake, nami nilistahili kukaa pale nikatazama.

Alipochoka aliingia ndani, akatoka na maji, akaniwekea. Halafu akachukua kalamu kwa hiari yake, akaandika neno moja: MITEJA. Chini yake: Wewe na mimi.

Tumekubaliana kwenda kwao Grace baada ya Idi, barabara ikishatengemaa. Mke wangu, aliyekuwa mjamzito mwaka ule, sikuwahi kumwambia mpaka alipofariki. Nimewaambia wanangu jana. Mkubwa alitoka nje, hajasema nami tangu hapo.

Dadi

*

Mtanda, Lindi.
30 Julai 2024

Binti Tekla,

Hujambo. Mimi ni Monika Nambunga. Barua ya Daktari Sixbert nimeipata, na yako iliyokuwa ndani yake. Samahani nimechelewa kujibu, shule zilikuwa zinafunguliwa.

Umeniuliza kama nitakuja kwenye sherehe ya miaka sitini. Sitakuja. Sina ugomvi nanyi, ila ule mlango sitaki kuuona. Kuhusu kijitabu, andika yote. Vikapu vya spoku, kopo lililoanikwa, na huo mpira. Andika jina langu kamili na miaka yangu tisa. Jina la Dadi pia liandikwe kamili, na mazuri aliyoyafanya yasifutwe, maana yale vilevile ni kweli. Kuna watu wengi Kilwa waliamka kwa sababu ya mikono yake.

Watu wananiuliza kama nimemsamehe. Sijui. Nataka uelewe kitu ambacho yeye hakielewi. Siku zote alidhani nilikuwa nikiishi na hasira ya kusingiziwa. Ingekuwa hivyo ningepumzika. Mimi niliamini. Fundi alisema vali ni nzima, basi kosa lilikuwa kwenye vidole vyangu. Nimekaa barazani hapa miaka yote nikirudia kila nilichofanya, nikitafuta ni wapi. Nilikuwa na nafasi ya kurudi kazini mwaka 1995, hospitali nyingine ilinitafuta. Nilikataa. Nilijiogopa. Wewe ulipobanwa ulifungua skrubu. Mimi nilimwuliza mtu. Endelea kufungua skrubu.

Miteja tulikwenda Jumamosi iliyopita, mimi na yeye. Mama yake Grace alikwisha kufa. Yupo kaka yake, Francis, alikuwa na miaka kumi na minne wakati ule. Tulimkuta anapiga dawa mikorosho. Dadi alisema yake, kwa sauti kubwa kama kawaida yake, na Francis alisikiliza akiwa amebeba bomba la dawa mgongoni, hakulitua. Alipomaliza, Francis hakumtazama. Alinigeukia mimi.

Akauliza, "Wewe ndiye uliyekuwa naye?"

Nikasema, "Ndiye mimi."

"Aliteseka?"

"Hapana. Alikuwa amelala kabla mashine haijaanza kubana. Hakusikia kitu."

"Unasema hivyo kunituliza?"

"Nasema hivyo kwa sababu nilikuwa nimemshika kidevu."

Hapo ndipo alipotua bomba. Akakaa chini kwenye majani makavu. Alisema mama yake alikuwa akiamka anasema amesikia Grace anaita. Alisema hivyo mpaka mwaka aliokufa. Maneno yale ningemwambia mama mwenyewe siku ile ile, nilitaka, lakini walinipitisha mlango wa jikoni wakaniambia nisionane na ndugu.

Dadi alilia. Francis hakumwambia neno baya, wala hakumpa mkono. Alitupa mihogo ya kuchemsha, tukala watatu. Wakati wa kuondoka alitusindikiza mpaka barabarani, akasimamisha basi yeye mwenyewe, akamwambia kondakta amwangalie mzee kwenye ngazi kwa kuwa hasikii.

Tuliachana Kiranjeranje. Dadi alishuka, mimi nikaendelea. Nilifika Lindi jioni, miguu imevimba. Sikuwasha taa, sikugusa cherehani. Nililala mpaka jua lilipokuwa juu kabisa, mpaka jirani yangu Dativa akagonga mlango akidhani nimekufa.

Daktari Sixbert ameniandikia kuwa utapewa mwenzako wa kusaidiana mwezi wa kumi. Akifika, chukua likizo yako siku hiyo hiyo. Usingoje umfundishe kwanza. Nenda Newala kwa mama yako ukalale.

Mimi,
Monika Nambunga
Muuguzi wa usingizi